Kesi ya rangi ya ngozi kazini Marekani si ugomvi wa nyumbani

Msimamizi mweusi akimnyima zamu nzuri mfanyakazi mweusi kwa kuwa ni mweusi ti, huku wenzake wa maji ya kunde wakipangwa kukaa mapokezi, weusi wengi Marekani husema hayo ni mambo yetu, tuyamalize wenyewe. Nayapinga maneno hayo kabisa.

Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza ubaguzi kazini, imetaja rangi kando ya mbari. Mwaka 1989 mahakama ya shirikisho Atlanta ilikataa kuitupa kesi ya mfanyakazi wa mbari nyeusi, lakini mweupe kiasi wa ngozi, dhidi ya msimamizi wa mbari hiyohiyo aliyemzidi weusi. Mwishowe mlalamikaji alishindwa, lakini ilishakubalika kwamba watu wa mbari moja wanaweza kubaguana kwa rangi. Na madhara ya kubagua kwa rangi yanapimika, hata nje ya kazi: utafiti wa 2011 uliangalia wanawake weusi zaidi ya 12,000 waliofungwa North Carolina, ukakuta walioandikwa kuwa weupe wa ngozi walipewa vifungo vifupi kwa takriban asilimia 12.

Mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi anashtakiwa kwa EEOC, tume ya serikali ya shirikisho ya usawa kazini, bila ada. Una siku 180 tangu tukio, au 300 ikiwa jimbo au mji wako una chombo chake cha kupambana na ubaguzi huo. Kulalamika ofisi ya rasilimali watu hakusimamishi hesabu hiyo, na hapo ndipo wengi hupoteza haki yao wakisubiri kujibiwa. Kutuma ulizo mtandaoni nako hakutoshi; lalamiko ni lile ulilolitia saini.

Kwenye fomu, weka alama kwenye mbari na kwenye rangi pia. Ukiiacha rangi, mahakama inaweza kukataa kuisikiliza baadaye. Kisha eleza: tarehe, zamu, nani alipewa ulichonyimwa, cheo chake, na ngozi yake ikoje ukilinganisha na yako. Bila mlinganisho huo, lalamiko lako litasomeka kama ugomvi wa watu wawili tu. Kama msimamizi alikuita “mkaa” kwa Kiswahili, liandike neno lenyewe, halafu tafsiri yake, na waliolisikia.

EEOC ikikupa barua ya haki ya kushtaki, una siku 90 kufungua kesi. Tafuta wakili kabla barua haijafika, apate muda wa kulisoma jalada.