Maandazi ya Sadaka

Kabla ya yote: siku ile ya sherehe ya wanafunzi wapya sikuingia chini ya meza. Mliosikiliza ile voisi ya yule Mkenya inayozunguka kwenye magrupu, eti nilitambaa mpaka mlangoni na walinzi wakanibeba mzobemzobe, ifuteni. Walinzi hawakuwepo. Nilisimama wima mbele za watu, koleo mkononi, nimevaa aproni iliyoandikwa kifuani kwa Kiingereza, herufi kubwa, MWANZILISHI NA MKURUGENZI MTENDAJI. Na aproni yenyewe alininunulia yeye, siku yangu ya kuzaliwa. Hilo kwenye voisi hakulitia.

Mnaonifuata humu habari ya maandazi mnaijua. Leicester hii ya Uingereza, ninakosoma, sambusa zimejaa kila kona, ukijitia kuuza sambusa watoto wa chekechea watakucheka. Lakini andazi la kwetu Tanga, la tui na iliki, lililoumuka vizuri hata ukilipasua ndani kuna nafasi ya kutia maharage, hulipati. Nikaanza kwa kuwapikia wenzangu wa bwenini. Wakataka tena. Nikaweka picha stetasi. Kufumba na kufumbua nina stika, nina bei (sita kwa pauni tano), na lile jiko tunalochangia limekuwa kiwanda. Kengele ya moto ikilia Jumamosi asubuhi hakuna anayetoka kitandani, wanajua ni mimi.

Mtaji nilikopeshwa na mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka karibu na Belgrave Road. Mzaliwa wa Jinja, Uganda, na Kiswahili chake hakijaota kutu. Unga, mafuta, tui la kopo, vyote unachukua, yeye anaandika kwenye daftari. Na huondoki bila hadithi ya mwaka 1972: Amin kawafukuza Wahindi wa Uganda, halmashauri ya mji huu nayo ikalipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije Leicester, huduma zimeelemewa. "Tukaja!" anasema, anapiga kaunta kwa kiganja. "Tukafungua maduka! Sasa wewe kijana unaogopa nini?" Natoka pale kifua mbele. Alichokuwa hanitajii ni kwamba yeye alishuka uwanja wa ndege na pasipoti ya Kiingereza. Mimi nina viza ya mwanafunzi.

Basi bwana. Yule Mkenya ndiye mweka hazina wa chama chetu cha wanafunzi wa Kiafrika. Akaniletea oda ya maandazi 150 kwa sherehe ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, chama kitalipa. Nikamuuliza kuna nani na nani. "Ni sisi tu, Mkurugenzi. Kuna mama mmoja wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni atasema maneno mawili, halafu muziki."

Maneno mawili yalikuja na projekta.

Nilikuwa nimeshapanga maboksi mezani, stika zote zimetazama mbele, jina la biashara, namba ya simu, bei. Nilitaka zionekane! Yule mama akapita, mtu mzima, mpole, miwani imening'inia kwa mnyororo shingoni. Akachukua andazi moja, akanishukuru, akaenda nalo mbele. Mkono wa kushoto andazi, mkono wa kulia rimoti. Slaidi ya kwanza: karibuni. Slaidi ya pili: masharti ya viza yenu.

Jamani, mimi nilikuwa nimeshayasoma hayo masharti. Yaani, nilikuwa nimeshayapitisha kwa kidole mpaka chini ili nibonyeze pale pa kukubali.

Akaanza. Kazi isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Sawa. Usiwe mwanamichezo wa kulipwa. Nikacheka kidogo, na hiki kitambi. Hata kusambaza chakula kwa baiskeli kupitia zile programu za simu hairuhusiwi, maana wale huhesabiwa kuwa wamejiajiri. Hapo kijana mmoja wa mstari wa nyuma akalisukuma begi lake la mraba chini ya kiti kwa kisigino, taratibu, macho juu. Nikamhurumia. Nikajisemea, masikini, huyu kapatikana.

Halafu akabonyeza, ikaja slaidi yenye mstari mmoja tu, maandishi makubwa kuliko ya aproni yangu: HURUHUSIWI KUJIAJIRI WALA KUFANYA BIASHARA. Akafungua mdomo aeleze. Badala ya kueleza, akang'ata andazi.

Nyie. Andazi langu halina haraka. Lina nazi, linataka kutafunwa. Yule mama akawa anatafuna, ameinua kidole kutuomba radhi, tumsubiri. Ukumbi kimya. Maandishi yako ukutani. Hakuna cha kutazama isipokuwa ukuta, na mimi. Nikaona kichwa cha kwanza kinageuka. Cha pili. Wanasoma ukuta, wanasoma kifua changu, wanarudi ukutani kuhakikisha. Nikainua sinia nijifunike, likaishia kwenye neno MWANZILISHI. MKURUGENZI MTENDAJI akabaki nje anahema.

Mama akameza. Akajifuta kidevu. Akasema, "Kwa mfano..." akawa anautafuta mfano, macho yanazunguka ukumbini. "Kwa mfano, mtu anapika chumbani kwake, anawauzia wenzake."

Kutoka nyuma, kwa Kiswahili safi, sauti ninayoijua: "Mkurugenzi, umeitwa!"

Waliojua Kiswahili wakaanguka. Wasiojua wakaomba tafsiri, wakatafsiriwa. Mkono wangu mmoja ulikuwa umeshafika kwenye boksi la karibu, kucha inakwangua stika. Zile stika nilizilipia ziada zisibanduke kwa mvuke. Hazikubanduka. Namba ya simu ilitoka, bei ikabaki. Na dada mmoja wa mwaka wa kwanza, mtoto wa watu, hana baya, akanyoosha kidole: "Samahani, hapa imeandikwa pauni tano. Tunalipa kwa nani?"

Mama akavaa miwani. Akanitazama mimi, akatazama boksi, akatazama kucha yangu.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Ni sadaka."

Kwa Kiingereza nikaongeza kwamba ni zawadi kwa jamii, toka moyoni, kwamba kwetu mgeni hulishwa, nikamtia na marehemu bibi. Bei? Bei ni ya zamani. Nilitokwa na jasho mpaka koleo likaniteleza. Mama akatabasamu, akasema huo ni ukarimu wa kipekee, akaomba nipigiwe makofi. Nikapigiwa. Yule Mkenya alipiga akiwa amesimama.

Mnajua watu wakisikia bure. Maandazi yaliondoka na leso, na mifuko ya makoti, kuna jamaa aliondoka na boksi zima.

Yaliyofuata ni mafupi. Mama alinivuta pembeni, akaniambia amependa utani ulioandikwa kwenye aproni, akakazia neno utani. Akanikumbusha kwamba chuo ndicho mdhamini wangu na kina wajibu wa kuripoti Home Office, ile wizara inayosimamia viza. Nikihitimu nikapata viza ya wahitimu nitaruhusiwa kujiajiri, na hata hapo, wa kuuza chakula hujiandikisha halmashauri siku 28 kabla ya kufungua. Stetasi nimefuta. Mweka hazina amegoma kunilipa, anasema kwenye kumbukumbu za kikao imeandikwa sadaka, na yeye hawezi kuchezea hesabu za chama. Mzee wa duka alicheka mpaka akakohoa, halafu akafungua daftari. Deni namlipa kidogo kidogo kwa kuosha vyombo mgahawani, kwa mkataba, ndani ya zile saa 20.

Na jana imeingia barua pepe. Ile ofisi ina hafla ya mwisho wa muhula, wanauliza kama yule kijana mkarimu anaweza kuwaletea tena sadaka yake. Kama 200 hivi.

Wewe uliyeondoka na boksi lenye kifuniko cha kijani, najua uko humu na unasoma. Maandazi nimesamehe. Boksi rudisha.