Ukifa Mara ya Tatu, Hofu Imeisha

Nianze kwa kukiri: mimi ni mwoga. Gemu za kutisha nazicheza taa zikiwaka, hedifoni sikio moja tu, na kuna siku nilisitisha mchezo nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Kwa hiyo nikisema gemu fulani haitishi, usidhani najitapa. Imenishinda kuiogopa hata mimi.

Kilio changu ni kwamba gemu nyingi za kutisha zinatisha mpaka pale zimwi linapokukamata. Mara ya kwanza moyo unataka kutoka kifuani. Mara ya pili unajiuliza ulikosea wapi. Mara ya tatu unaanza kupiga hesabu: linapita mlangoni, linasimama, linageuka, nina sekunde kadhaa za kukimbilia lile kabati. Wahenga walituambia zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwenye gemu, zimwi ulijualo linakuchosha tu.

Outlast ya 2013 inasifiwa mno, na wazo lake kweli ni zuri: huna silaha, una kamera ya video inayoona gizani, na betri zake zinakwisha. Mwanzo wake ulinitoa jasho. Kisha nikafika kule chini ya jengo, unapotakiwa kuwasha jenereta huku jitu likizunguka gizani, nikafa mara saba. Kufikia ile ya saba nilikuwa nalipita lile jitu huku napiga miayo. Najua wapo watakaoninunia kwa kusema hivi. Wanune.

SOMA ndiyo iliyonifumbua macho. Ilitoka 2015, kazi ya Frictional Games wa Sweden, wale wale waliotuletea gemu ya Amnesia mwaka 2010. Nilianza kuicheza mara mbili nikaiacha, na si kwa woga. Kila nilipotaka kukaa na ile hadithi yake ya chini ya bahari, na lile swali la nini hasa kinachokufanya wewe uwe wewe, linakuja dude linanifukuza kwenye korido. Mwaka 2017 watengenezaji wakaongeza namna ya kucheza ambayo mazimwi yapo ila hayakuui. Wengine walicheka, wakaiita gemu ya watoto. Mimi nikarudi, nikaimaliza, na majina ya watengenezaji yalipokuwa yanapanda kwenye skrini nilikuwa bado nimekaa, mikono imeniganda kwenye padi. Mazimwi yameng'olewa meno, na bado sikulala vizuri.

Ndiyo maana siku hizi nazitafuta zaidi gemu za watengenezaji huru, mtu mmoja au kikundi kidogo kisicho na kampuni kubwa nyuma yake. Hawana fedha za kuchora zimwi la kuvutia, basi wanalificha. Na likifichwa, kichwa changu kinalichora vibaya zaidi kuliko mchoraji yeyote.

Chukua Iron Lung ya David Szymanski, ya 2022. Inachukua kama saa moja. Wewe ni mfungwa uliyefungiwa ndani ya nyambizi kuukuu, mlango umechomelewa, umetumwa kuchunguza bahari ya damu kwenye mwezi wa mbali. Huoni nje. Una ramani, una namba zinazokuambia ulipo na umeelekea wapi, na vitaa vinavyokuonya ukikaribia mwamba. Ukitaka kujua kilicho mbele, unaacha vitufe vya kuendeshea, unakwenda nyuma, unapiga picha, unasubiri itokee kwenye skrini. Inatokea na chenga zake. Mwamba. Unarudi mbele, unasogea kidogo, unakwenda nyuma tena. Mwamba. Mbele, nyuma. Kitu kama mfupa. Chuma kinalia upande wa kushoto, na wewe bado una picha kadhaa za kupiga kabla kazi haijaisha. Kuna moja niliyoipiga ambayo sitaisimulia, ila baada yake nilikaa dakika nzima nikikitazama kile kitufe bila kuthubutu kukigusa.

Nyambizi, vitufe na picha mbovu, basi. Kinachoniua pale ni kwamba mikono yangu ina kazi. Naogopa huku napiga hesabu za ramani, na kila jibu la ile hesabu nimelitafuta mwenyewe.

Darkwood ya vijana wa Acid Wizard Studio wa Poland nayo imelijua hilo. Unaitazama kutoka juu, kama ramani, na mtu wako anaona tu kilicho mbele yake. Mchana unaokota mbao na petroli. Usiku unapigilia mbao madirishani, unasukuma kabati mlangoni, unawasha jenereta na kungoja. Mlango wa chumba cha pili unalia, na hukumbuki kama uliufunga. Na hapa ndipo wamewazidi wenzao akili: kwenye kiwango cha kawaida cha ugumu ukifa hurudishwi kuurudia usiku ule ule. Unaamka umepoteza baadhi ya vitu vyako na maisha yanaendelea. Hupewi nafasi ya kuzoea. (Hao ndio walioiweka gemu yao wenyewe kwenye tovuti ya torenti, ambako watu hupakua vitu bure, mwaka 2017, ili asiye na fedha aicheze bila kudanganywa na wanaouza kimagendo namba za kufungulia gemu. Niliinunua kwa sababu hiyo kabla hata sijajua inahusu nini.)

Kuna upande nisioupenda. Five Nights at Freddy's ya Scott Cawthon, ya 2014, ilikuwa kitu kipya: umekaa ofisini usiku, midoli ya mashine inakuwinda, umeme unapungua, kila ukifunga mlango au kutazama kamera unautafuna zaidi. Hofu ya bili ya umeme, kwa ufupi. Waliokuja nyuma yake wakachukua midoli tu, wakauacha umeme. Sasa kila nikifungua duka naona mdoli mwingine wa manyoya mwenye meno mengi, gemu imekatwa vipande vipande na kuuzwa sura baada ya sura, na kila dakika chache kitu kinakurukia usoni ili mtu anayejirekodi akicheza apige kelele. Hata mlango ukibamizwa nitashtuka. Huo si ufundi.

Na nyie mnaomaliza gemu ya saa moja na nusu kisha mnadai fedha zenu Steam, lile duka la gemu la mtandaoni linalorudisha fedha kama hujafikisha saa mbili za kucheza, nawaona.

Nimalizie na Lethal Company, ya 2023, iliyotengenezwa na mtu mmoja. Mnaicheza pamoja mtandaoni. Sura zake ni za kuchekesha, miili kama vikaragosi, kazi yenu ni kuokota vyuma chakavu ili kampuni ipate kiasi ilichowapangia. Ila sauti zenu zinasikika kulingana na umbali. Rafiki akitembea, sauti yake inafifia, akirudi, inakua. Usiku mmoja tulikuwa wanne, mmoja wetu akaingia chumba cha pembeni huku anasimulia jinsi alivyokosana na fundi wake wa simu. Tunamsikia kwa mbali, tunacheka, anasema, "Nikamwambia hivi, wewe bwana, mimi si m—"

Kimya.

Hakuna muziki, hakuna kilichoruka. Tulisimama watatu kwenye korido, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuliita jina lake. Baadaye, tuliporudi wote kwenye chombo, alitaka kumalizia ile hadithi ya fundi. Tulimkatalia.