Mpe Huyo!

Asubuhi moja, miaka kadhaa iliyopita, nikiwa kituoni nasubiri daladala, nilikuta mtu anapigwa. Wizi wenyewe ulikuwa wa simu. Kijana alikuwa ameshaangukia mtaroni, ndala moja mguuni, nyingine katikati ya barabara, watu kama thelathini wamemzunguka. Mmoja alikuwa anapiga kelele, "Mpe! Mpe huyo!" Hayo wengi wetu tumeyaona. Ambaye hajanitoka kichwani mpaka leo ni baba mmoja mwenye shati la mikono mirefu lililonyooshwa vizuri, mkononi mfuko, ndani ya mfuko hotpoti la chakula cha mchana. Alivuka barabara, hakuuliza kitu. Akauweka mfuko wake chini taratibu, kando ya meza ya mama wa vitumbua, chakula kisije kikamwagika. Akaokota nusu tofali, akalirusha. Akajipangusa mikono, akachukua mfuko wake, akawahi gari ya Posta.

Jioni tukasikia yule kijana amefariki.

Nani alimuua? Ukiwauliza waliokuwepo, kila mtu atakwambia alirusha moja tu, tena dogo. Sheria yetu hailali usingizi kwa jibu hilo. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinasema watu wawili au zaidi wakiwa na nia ya pamoja ya kutimiza jambo lisilo halali, na katika kulitimiza likatendeka kosa ambalo kutokea kwake kulitarajiwa, basi kila mmoja wao anahesabiwa amelitenda. Kenya wana kifungu kama hicho, cha 21. Na wala msiseme hamkukaa kikao. Mwaka 1943 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilimaliza hoja hiyo katika kesi ya Tabulayenka, ya watu waliompiga mtu waliyemwita mwizi mpaka akafa. Ilisema hakuna haja ya makubaliano ya awali. Nia ya pamoja inaonekana kwa mtu kuwepo pale, kwa alichokifanya, na kwa kutokujitenga na kipigo.

Hapo mimi sina ugomvi na sheria hata kidogo. Yule baba wa hotpoti, kwangu, ni muuaji. Aliona mtu yuko chini, aliona damu, akaongeza lake. Kwamba tofali la ishirini na tatu ndilo lililomaliza kazi na yeye alirusha la kumi na tisa, hesabu hiyo akaifanyie kwao.

Shida inaanza pale kamba hiyo hiyo inapomkamata mtu wa namna nyingine kabisa.

Kijiweni kwetu kuna dereva bodaboda anayenibeba karibu kila siku. Kijana mpole, ana watoto wawili, pikipiki ya mkataba. Siku moja alinishusha nyumbani, nimeshamlipa, haondoki.

"Anko, wewe unasomasoma hizi mambo za sheria. Abiria akinambia nisubiri hapo nje, nikamsubiri, kumbe kaingia kuua mtu. Mimi nina kesi?"

Nikamwambia inategemea ulijua nini.

"Mimi nabeba mgongo, anko. Moyo wake nitaujulia wapi?"

Nilimjibu juu juu, lakini swali lake lilinikaa. Maana kuna madereva wa aina tatu pale nje ya duka usiku. Wa kwanza hajui lolote. Yeye ni nauli tu. Wa pili anajua jamaa wameenda kuiba, kaahidiwa elfu hamsini, anaamini duka halina mtu. Wa tatu kaiona bastola kiunoni wakati abiria anapanda, na bado akawasha pikipiki. Kwangu mimi hawa ni watu watatu tofauti kama usiku, alfajiri na mchana. Lakini siku mlinzi akipigwa risasi, wote watatu wataandikiwa karatasi moja, na kesi ya mauaji haina dhamana. Yule wa kwanza, asiye na hatia yoyote, atasimama mbele ya hakimu aambiwe hatakiwi kujibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo, upelelezi haujakamilika, rudi mahabusu. Na atarudi tena, na tena. Pikipiki ya mkataba mwenyewe anaijua inakwenda wapi.

Sheria inamtenganisha wa pili na wa tatu kwa neno moja: kutarajiwa. Je, kifo kilikuwa jambo la kutarajiwa katika mpango wao? Ni neno zuri likiwa mikononi mwa jaji makini. Ila tatizo la kutarajia ni kwamba maiti ikishakuwepo, kila kitu kinaonekana kilitarajiwa. Nani asiyejua mechi ilikuwa inaelekea wapi baada ya filimbi ya mwisho?

Wamarekani ndio walioifikisha hoja hii mwisho wa reli. Wana kanuni kwamba mtu akifa wakati wa kosa kubwa kama unyang'anyi au uvunjaji wa nyumba, wote waliohusika na kosa hilo ni wauaji, hata kama hakuna aliyepanga mtu afe. Machi 2003, huko Pensacola, Florida, kijana wa miaka 20 alimwazima gari rafiki aliyekuwa akiishi naye, kama alivyozoea kumwazima. Yeye akabaki nyumbani. Wenzake wakaenda na gari lile kuiba sefu kwenye nyumba ya mtu anayeuza bangi, na humo ndani mmoja wao akampiga binti wa miaka 18 kwa kitako cha bunduki mpaka akafa. Mwenye gari alishtakiwa kwa mauaji ya daraja la kwanza. Hoja ya mwendesha mashtaka ilikuwa nyepesi kueleweka: bila gari, mauaji yasingekuwepo. Kijana alikuwa ameeleza kwamba maneno ya wizi aliyasikia, ila alidhani ni utani. Akapewa kifungo cha maisha bila nafasi ya kuachiwa mapema, na ilipofika 2015 ndipo gavana akampunguzia ikawa miaka 25.

Miaka 25 kwa funguo za gari. Na huo ndio msamaha.

Illinois walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2019 vijana sita waliingia kwenye eneo la nyumba ya mzee mmoja usiku, mzee akafyatua, akamuua mtoto wa miaka 14. Waliobaki watano wakashtakiwa kwa kumuua mwenzao, ambaye hakuna hata mmoja wao aliyemgusa. Mashtaka yale yalifutwa baada ya wiki chache, watu wakiwa wamepiga kelele, na mwaka 2021 jimbo likairekebisha sheria. California walikuwa wameshabana yao mwaka 2018: mshirika ambaye hakuua wala hakukusudia mtu afe hahesabiwi muuaji, isipokuwa awe alishika sehemu kubwa ya tukio na kutojali kabisa uhai wa watu, au aliyeuawa awe askari. Hata Mahakama ya Juu ya nchi yao, ambayo si ya huruma sana, ilisema mwaka 1982 katika kesi ya Enmund kwamba mtu aliyekuwa kwenye gari la kutorokea, asiyeua wala kukusudia kuua, hawezi kuhukumiwa kifo. Miaka mitano baadaye, katika kesi ya Tison, ikaulegeza tena mlango iliokuwa imeufunga.

Mtu atasema hayo ni ya Marekani. Sawa. Tufungue kitabu chetu.

Kifungu cha 200 cha Kanuni ya Adhabu kinaeleza dhamira ovu, ile inayogeuza kifo kuwa mauaji. Aya ya kwanza na ya pili hazina neno: kukusudia kuua au kudhuru vibaya, au kujua kwamba tendo lako huenda likaua. Halafu inakuja aya (c): nia ya kutenda kosa ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka mitatu. Basi, hapo haizungumzi tena kuhusu kuua. Na wizi wa kawaida kabisa, kwa kifungu cha 265, adhabu yake inafika miaka saba.

Sasa chukua wezi wawili wa kuku. Mmoja yuko bandani, mwenzake nje ya uzio kashika gunia. Mzee mwenye nyumba anaamka, anatoka na tochi, wa bandani anamsukuma ili akimbie, mzee anaangukia kisogo kwenye kinu. Anafariki. Ukiisoma aya (c) herufi kwa herufi, yule wa bandani alikuwa na nia ya kutenda kosa la zaidi ya miaka mitatu, kwa hiyo dhamira ovu tayari ipo. Kifungu cha 23 kikija nyuma yake, kinaulizia na mshika gunia. Na cha 197 kimeandika adhabu moja tu kwa mauaji: kunyongwa.

Mfano wa kuku sikuubuni kwa mzaha. Wanasheria wa Kiingereza wa zamani waliujadili kwa uzito wote: mtu anampiga risasi kuku wa jirani ili amwibe, risasi ikampata binadamu. Wakasema ni muuaji. Fikra hiyo ilisafiri na meli mpaka ikaingia kwenye kanuni za adhabu za makoloni, Tanganyika na Kenya zikiwemo. Kifungu cha 206 cha Kenya bado kina aya yake (c). Waingereza wenyewe waliifuta kwao mwaka 1957, miaka minne kabla hatujapandisha bendera yetu. Nguo ya mtumba mwenyewe kaitupa, sisi tumeikunja vizuri kabatini.

Na hawakuifuta kwa wema tu. Walikuwa wametoka kuona jambo. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1952, vijana wawili walipanda juu ya paa la ghala moja huko Croydon, kusini mwa London, wakitafuta cha kuiba. Christopher Craig alikuwa na miaka 16 na bastola. Derek Bentley alikuwa na miaka 19 na akili nzito. Polisi walipofika, Bentley alikamatwa mapema, akawa mikononi mwa askari kwa kama robo saa wakati Craig akiendelea kufyatua. Konstebo Sidney Miles akapigwa risasi, akafa. Craig, kwa umri wake, hakuweza kunyongwa. Bentley aliweza.

Kilichombana ni maneno ambayo polisi walidai aliyatamka akiwa amekwisha shikwa, na ambayo vijana wote wawili walikana. Kwa Kiswahili yanatafsirika bila shida yoyote: "Mpe, Chris." Mpe nini? Mpe askari hiyo bastola yaishe? Au mpe, kama walivyosema pale kituoni kwetu, mpe huyo? Upande wa mashtaka ulichukua maana ya pili, na Bentley akanyongwa tarehe 28 Januari 1953. Craig alitoka jela baada ya miaka kumi. Hukumu ya Bentley ilitenguliwa mwaka 1998, ikamkuta mwenyewe ana miaka 45 kaburini.

Najua yatakayosemwa. Samaki mmoja akioza. Nani alimtuma aambatane na wezi? Na familia ya mlinzi aliyeuawa, nani anaisemea? Hoja hizo sizidharau. Nimezika ndugu aliyevamiwa na majambazi, nikatamani wote, mpaka aliyewauzia petroli, waoze ndani. Lakini tuna msemo mwingine, kwamba kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Kenge ni mkorofi, anakula mayai ya watu, apigwe kwa mayai. Mshika gunia afungwe kwa wizi, na kama aliona hatari akanyamaza, ashtakiwe kwa kuua bila kukusudia, ambako kifungo kinaweza kufika maisha na jaji ana nafasi ya kupima. Dereva aliyeiona bastola, huyo sina neno la kumtetea.

Ndiyo maana nadhani aya (c) ifutwe, yote, isirekebishwe. Nia ya pamoja ibaki, ila swali lake liwe kile ambacho mtu huyu alikijua na kukikubali mwenyewe, badala ya kile ambacho mtu mwenye busara angekitarajia baada ya mazishi. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilifika huko mwaka 2016 katika kesi ya Jogee, ikakiri sheria ilikuwa imepotea njia kwa zaidi ya miaka 30: kuona mbele kwamba mwenzako anaweza kuua ni ushahidi wa nia, wala si nia yenyewe. Na kitanzi cha lazima kiondoke. Wakenya walikiondoa mwaka 2017 kwa kesi ya Muruatetu, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapo hapo Arusha, ilituambia mwaka 2019 katika kesi ya Ally Rajabu kwamba adhabu ya kifo ya lazima inamnyima mtu haki ya uhai. Tangu 1994 hatujamnyonga mtu, kwa hiyo hata wanaohukumiwa kwa aya hiyo wanabaki wanasubiri kitu ambacho serikali yenyewe haina hamu nacho.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki: wale ambao nia ya pamoja iliandikwa kwa ajili yao, wenye matofali, karibu hawaguswi. Ni wengi mno, hakuna shahidi, na sote tuna gari la kuwahi. Anayepatikana kirahisi ni mwenye pikipiki, kwa sababu ina namba.

Sijajisahau. Siku ile kituoni sikurusha kitu. Sikusema kitu pia, na neno la mwaka 1943 kuhusu kutokujitenga huwa silisomi haraka haraka.

Wiki iliyofuata nilimkuta tena yule baba, shati limenyooshwa, hotpoti lile lile mkononi. Akanisalimia vizuri, akaniuliza kama gari ya Posta imeshapita. Nikamwambia bado.