Kigoma: Nyumba Zikigeuka Ofisi, Mtaani Anabaki Nani?

Kwenye mtaa mmoja wa makazi hapa Manispaa ya Kigoma Ujiji kumebandikwa tangazo. Wenye nyumba tatu zinazofuatana wanaomba kubadili matumizi ya viwanja vyao, kutoka makazi kwenda ofisi. Nyumba ya kwanza inatazama barabara ya lami. Mbili ziko ndani, kwenye njia ya vumbi inayopandisha kilima. Mwenye pingamizi ametakiwa aliandike na kulipeleka manispaa. Nimezungumza na majirani na mmoja wa waombaji, na hakuna upande niliouona unasema upuuzi.

Mwombaji niliyeongea naye alijenga kwa kiinua mgongo. Watoto wamehama, nyumba imekuwa kubwa kwake, na wapangaji wa vyumba humlipa kwa kuvutana. Ofisi ikija inalipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, tena inapaka rangi na kuziba paa linalovuja. Mtu akikataa hela ya namna hiyo uzeeni atakula nini? Isitoshe, majengo ya ofisi mjini ni machache. Ndiyo maana tangu wakimbizi wa Burundi walipoingia kwa wingi mwaka 1993, na kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, mashirika ya misaada yamekuwa yakipanga nyumba za watu. Sasa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, na wakandarasi na mawakala wa mizigo nao watatafuta pa kuweka meza zao. Serikali ina hesabu yake pia. Kodi ya pango la ardhi kwa kiwanja cha biashara ni kubwa kuliko ya makazi, na ofisi iliyopanga hukata asilimia 10 ya pango kabla ya kumlipa mwenye nyumba, yaani kodi ya zuio, na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA), wakati kodi ya mpangaji wa chumba mara nyingi haionekani kwenye daftari lolote.

Kubwa zaidi kwangu ni kwamba hawa watatu wameomba. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka kibali kabla ya kubadili matumizi, lakini wengi hutoa vitanda, wakaingiza meza, wakafunga geti. Ukimkatalia anayeomba huku ukimfumbia macho aliyejificha, mwakani hataomba mtu.

Majirani wanalalamikia magari na jenereta. Hayo yana dawa: maegesho yawe ndani ya uzio, jenereta ijengewe kibanda. Mimi nasumbuliwa zaidi na maji. Nyumba hizi zinategemea makaro, na karo lililochimbwa kwa familia ya watu sita likibebeshwa wafanyakazi 30 na wageni wao linafurika mapema. Tena ofisi nyingi hutandaza tofali za sakafu ua mzima ili magari yasikwame. Kwenye mji wa miteremko kama wetu, mvua za Novemba hadi Aprili zikikosa udongo wa kunywea zinashuka kwa jirani wa chini zikiwa na tope na kila zilichokokota, halafu zinaishia ziwani, tunakoteka maji ya kunywa.

Halafu kuna watu wenyewe. Mwalimu na nesi wanaopanga kwenye mtaa huo hawawezi kushindana na bajeti ya mradi. Watasukumwa kata ya Gungu au mbali zaidi, na nauli ya bodaboda itakula mshahara. Saa kumi na moja jioni ofisi zikifungwa, usiku mlinzi mmoja anabaki na tochi. Mtoto akizidiwa usiku, mama atagonga mlango wa nani?

Kuna jambo linalosahaulika pia: mahitaji ya ofisi huja na kuondoka. Kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, wilayani Kakonko, ilifungwa mwaka 2021. Mradi ukiisha shirika linarudisha funguo, na nyumba iliyovunjwa jiko na kuta za vyumba haikaliki tena na familia bila gharama kubwa. Hati inakuwa imeshabadilishwa, na mtaa nao.

Kwa hiyo ningeipa kibali nyumba ya barabarani, lakini kwa matumizi ya makazi na biashara, siyo ofisi tupu. Mbele paendeshwe kazi, nyuma alale mtu, na jiko lisivunjwe. Kabla ya kibali, afisa afya akague karo, na angalau nusu ya ua ibaki udongo na miti. Mbili za ndani ningezikatalia, kwa sababu njia yao haipitishi magari mawili kwa pamoja, na mteremko wote wa nyuma yao ni nyumba za watu. Najua mzee niliyeongea naye anamiliki mojawapo ya hizo mbili, na nilimweleza hivyo hivyo uso kwa uso. Aliniuliza manispaa itazifanya nini ofisi mbili za mtaa wa pili ambazo hazikuwahi kubandika tangazo lolote. Swali hilo nimeliandika kwenye barua yangu ya pingamizi, aya ya kwanza.