RFC 9669 na ruta za juu ya paa Kisumu: kiwango kimetatua nini hasa?

Oktoba 2024, IETF, chombo kinachoandika kanuni za mawasiliano ya intaneti, kilichapisha waraka uitwao RFC 9669. Waraka huo unaeleza seti ya amri za BPF (Berkeley Packet Filter): amri zipi zipo, kila moja inaandikwaje kwa biti, na ikitekelezwa inabadilisha nini. Ni amri za mashine ya kubuni ambayo prosesa yoyote inaweza kuiiga. Ahadi yake ni kwamba programu ya kuchuja pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni, ikishaandikwa kwa amri hizo, itahama kutoka Linux hadi Windows, au kutoka kwenye seva hadi ndani ya kadi ya mtandao, bila kuandikwa upya.

Kwa wanaouza Wi-Fi ya mitaani Kondele, Migosi au Nyalenda, ahadi hiyo inagusa penye kidonda. Paa hili lina ruta ya mtumba yenye prosesa ya MIPS, paa la pili lina ya ARM, na mjini chini ya meza kuna kompyuta ya x86 inayopokea laini ya kutoka Nairobi. Anayetumia ruta za MikroTik anaijua adha hii. Ukitaka kupandisha toleo la RouterOS, mfumo endeshi wa ruta hizo, sharti uchague faili la mipsbe, smips, mmips, arm, arm64 au x86 kulingana na ruta iliyo mbele yako, na ukichukua lisilo lake ruta hailikubali. Mtu akikwambia kuna lugha moja ya kichujio inayokimbia kwenye zote hizo, lazima umpe sikio. Nami nasema kiwango hiki ni kizuri, tena kilichelewa. Lakini wengi wanaokishangilia huku kwetu wanakishangilia kwa kazi ambayo hakikuja kuifanya.

Hoja ya wanaokiunga mkono ina mizizi mirefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Steven McCanne na Van Jacobson wa Lawrence Berkeley Laboratory kule California walikuwa na tatizo ambalo fundi yeyote wa mtandao analielewa: ukitaka kutazama pakiti chache tu, kwa nini kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ikunakilie zote, nawe utupe asilimia tisini baadaye? Kunakili ndiko kunakokula prosesa. Jibu lao, lililowasilishwa mwaka 1993, lilikuwa kukipeleka kichujio chenyewe ndani ya kerneli, pakiti isiyotakiwa ikataliwe pale pale. Vichujio vya aina hiyo vilikuwapo tangu 1980, lakini kile cha kwanza kilitegemea rundo la data, mtindo uliofaa kompyuta za zama zake. Wao walichagua rejista mbili (vihifadhi vidogo vya namba ndani ya prosesa), A na X, kwa kuwa ndivyo prosesa za wakati wao zilivyofanya kazi. Kichujio chao kikawa na kasi mara nyingi zaidi ya vilivyotangulia.

Ukiwa na Linux yoyote hapo ulipo, andika tcpdump -d 'ip and udp dst port 53', kichujio cha pakiti za UDP zinazokwenda porti 53 ya DNS, uone amri zenyewe. Zinatoka 11. Ya kwanza inasoma baiti mbili kuanzia ya 12 ya fremu, na ya pili inauliza kama ni 0x800, yaani IPv4. Kisha inasomwa baiti ya 23: je, ni 17, namba ya UDP? Halafu inakaguliwa kama pakiti ni kipande cha pakiti kubwa zaidi, maana kipande cha katikati hakina namba ya porti. Kisha urefu wa kichwa cha IP unapigiwa hesabu na kuwekwa kwenye X, porti inasomwa, inalinganishwa na 53, na hukumu inatolewa: pokea au kataa. Kila mruko unakwenda mbele tu. Hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo hakuna programu inayoweza kuzunguka humo milele na kuigandisha kerneli. Binafsi naona hizo amri 11 zinafundisha mitandao kuliko slaidi nyingi za darasani.

Mwaka 2014 Alexei Starovoitov na wenzake waliipanua mashine hiyo ndani ya Linux, ikaitwa eBPF. Rejista mbili zikawa kumi za biti 64, pamoja na moja ya kusomwa tu inayoshika anwani ya rundo. Amri ya kawaida ikabaki na baiti 8. Mwaka 2016 ikaja XDP, inayoruhusu programu ya BPF kuitupa pakiti punde tu inapotoka kwenye kadi, kabla kerneli haijaitengea kumbukumbu. Kampuni kubwa kama Cloudflare na Facebook zikaitumia kukinga na kugawa mizigo yao. Sisi mizigo yetu ni midogo, ila maumivu ni yale yale: kamera moja ya ulinzi iliyoingiwa na virusi kwenye duka la mteja hurusha UDP usiku kucha hadi laini ya mtaa mzima inalala. Ukiitupa pakiti mapema, ruta ya bei nafuu inapumua. Ukiitupa kwa kuchelewa, kazi yote ya kuipokea imeshafanyika.

Hadi hapo tatizo lilikuwa moja. Aliyetaka kuijenga mashine hii nje ya Linux alilazimika kusoma msimbo wa Linux na kukisia nia ya walioandika. Microsoft ilipotangaza eBPF ya Windows mwaka 2021, na watengenezaji wa kadi za mtandao walipotaka kuziendesha programu hizo kwenye kadi zenyewe, swali la “sheria ni ipi?” lilijibiwa kwa “tazama Linux inafanya nini leo.” Kesho Linux inabadilika.

Chukua kugawanya kwa sifuri. Katika BPF ya awali, programu iliyogawanya kwa sifuri ilikatizwa na pakiti ikahesabiwa kuwa imekataliwa. Kwenye prosesa ya x86 kitendo hicho huzusha hitilafu, ilhali kwenye ARM ya biti 64 jibu linakuwa sifuri na kazi inaendelea. Sasa kichujio kimoja, pakiti moja, ruta mbili: hukumu zingeweza kuwa mbili. RFC 9669 inakata shauri. Rejista ya jibu inakuwa sifuri na programu inaendelea. Ukitafuta baki kwa kugawanya kwa sifuri kwenye amri za biti 64, rejista inabaki ilivyokuwa. Unaweza kusema ni jambo dogo, nani agawanye kwa sifuri kwenye kichujio? Anayeshambulia mtandao wako ndiye atakayelitafuta.

Waraka huo pia umezigawa amri katika makundi ya ulinganifu. Kuna base32 na base64, yaani amri za msingi za biti 32 na za biti 64, kuna amri za kuzidisha na kugawanya zilizotengwa, kuna zile za kubadilisha kumbukumbu kwa mkupuo mmoja, na kuna kundi la amri za zamani za kusoma pakiti ambalo halipendekezwi tena. Mwenye kifaa kidogo anaweza kutangaza wazi, “mimi natimiza base32 tu.” Hapo waandishi walivikumbuka vifaa kama vyetu, nami nawapa heko.

Upande wa pili nao hausemi ovyo.

La kwanza ni la aibu kidogo kwa kitu kinachoitwa cha kuhamishika. Sehemu za amri zenye baiti zaidi ya moja zinaandikwa kwa mpangilio wa kompyuta inayoziendesha. Ile 0x800 ya IPv4 ikiwa ndani ya amri itakuwa baiti 00 08 00 00 kwenye ruta ya ARM ya kawaida, na 00 00 08 00 kwenye MIPS inayoanza na baiti kubwa, kama zile zinazotumia faili la mipsbe. Hata namba za rejista mbili zinabadilishana nafasi. Ndiyo maana Clang, kompaila inayogeuza msimbo kuwa amri hizo, ina shabaha mbili, bpfel na bpfeb. Kwa hiyo yule aliyedhani atanakili faili moja kutoka paa la Migosi hadi paa la Manyatta amepotea njia mapema. Maana ya amri inahama, faili haihami. Kuna sababu ya kasi nyuma ya uamuzi huo, ninaielewa, lakini lazima isemwe kabla mtu hajanunua vifaa.

La pili ni zito zaidi, na ndilo linalonifanya nisite. Programu ya BPF ya leo haiishi kwa amri peke yake. Ikitaka kukumbuka ni pakiti ngapi zimetoka kwa mteja fulani, inahitaji jedwali linalotunzwa na kerneli. Ikitaka kujua saa, au kuielekeza pakiti kwenye kadi nyingine, inaita kazi saidizi ya kerneli. RFC 9669 inaeleza jinsi ya kuita kazi hizo. Haisemi ni zipi lazima ziwepo, wala kila mfumo uzitoe kwa namna gani. Kichujio cha amri 11 kama kile cha porti 53 kitahama bila shida kubwa. Kichujio cha kweli, kinachohesabu, kinachokumbuka na kinachobana kasi ya mteja aliyelipia shilingi 10 za saa moja, kitakwama mpakani.

Na hapo mpakani kuna mhakiki. Kabla programu haijakubaliwa, mfumo unaipitia njia zake zote kuthibitisha kwamba haitasoma kumbukumbu isiyo yake na kwamba itafika mwisho. Mhakiki wa Linux si sawa na ule wa Windows, unaoitwa PREVAIL, kwa hiyo programu ile ile inaweza kupita huku ikakataliwa kule. Hata ndani ya Linux yenyewe, hadi toleo la 5.2 la mwaka 2019 programu haikuruhusiwa kuzidi amri 4096, na vitanzi vyenye kikomo vilikubaliwa toleo lililofuata. Ruta ya mtumba yenye kerneli ya zamani itaikataa programu iliyoandikwa jana, kiwango kiwepo kisiwepo.

Usalama nao haujatulia. Mwanzoni mwa 2018, watafiti wa Google Project Zero walipoonyesha udhaifu wa prosesa ulioitwa Spectre, walitumia BPF kama sehemu ya jaribio lao la kusoma kumbukumbu ya kerneli. Siku hizi wasambazaji wakubwa wa Linux huwazuia watumiaji wa kawaida kupakia programu hizi. Uamuzi sahihi kabisa.

Halafu kuna kambi inayohoji hata ngazi tunayobishania. Kwa nini tusanifishe amri badala ya kanuni zenyewe? Kwenye nftables, zana ya kanuni za kuchuja pakiti iliyoingia Linux mwaka 2014, unaandika udp dport 53 drop na umemaliza. Ndani yake nayo ina mashine yake ndogo ya kubuni, lakini hakuna anayekulazimisha kuijua. Fundi mmoja wa Nakuru, anayehudumia mitaa ya Section 58 na Kiamunyi, nilipompigia hadithi ya base32 na base64 alinikata: “Bosi, wewe unaongea habari za rejista, mimi natafuta ngazi nipande paa.” Ana haki yake. Saa nane za usiku, kanuni inayosomeka ndiyo inayomwokoa, na mwenzake akija asubuhi ataielewa bila kumpigia simu.

Lakini hoja yake inaishia mahali. Kanuni inayosomeka lazima itafsiriwe kuwa kitu ambacho mashine inatekeleza, na kama kila mtengenezaji ana tafsiri yake ya siri, hatutajua kamwe kwa nini ruta mbili zinatoa hukumu mbili. Sentensi ya tcpdump ni kanuni inayosomeka, na imedumu zaidi ya miaka 30 kwa sababu chini yake kulikuwa na amri zilizojulikana kwa kila mtu. Ngazi mbili hizo hazishindani. Ya juu inaitegemea ya chini.

Sifa ambayo sijaisikia ikitajwa huku kwetu ni kwamba waraka ni mfupi, uko wazi, hauuzwi, na unatosha. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno au Masinde Muliro anaweza kuichukua base32, akaiandika mashine nzima kwa lugha anayoijua katika muhula mmoja, na Linux ikifanya tofauti na waraka akawa na mahali pa kusimama na kusema wamekosea. Zamani asingeweza kusema hivyo, kwa kuwa Linux ndiyo ilikuwa sheria. Tatizo ni kwamba kompaila tunazotumia hutoa amri za biti 64 bila kuulizwa, kwa hiyo base32 bado ni haki ya kwenye karatasi zaidi. Kazi ya namna hiyo ingefaa kuanzia hapo, kwenye kompaila, kuliko kwenye tovuti nyingine ya kuuza bando.

Kwa leo, kama ningeulizwa na mwenye mtandao wa nyumba mia mbili, ningemwambia aweke BPF kwenye ile kompyuta ya x86 inayopokea laini ya Nairobi, yenye kerneli mpya na kumbukumbu ya kutosha, aizuie takataka hapo. Kwenye mapaa abaki na kanuni za kawaida. Ruta ya flashi ya megabaiti 16 haina nafasi ya maelezo ya ziada ambayo programu za BPF za kisasa huyahitaji ili zijirekebishe kwa kila kerneli, na RouterOS haimpi mtumiaji mlango wa kupakia programu zake za BPF. Na muuzaji akija kumwambia kifaa chake kipya “kinakubali eBPF”, amuulize maswali mawili: kinatimiza kundi gani la RFC 9669, na kinatoa kazi saidizi zipi? La kwanza sasa lina jibu linaloweza kupimwa. La pili atalijibu kwa kutaja toleo la Linux.