Kuchanja hatukufundishwa na mzungu

Juzi nilimsindikiza mdogo wangu kliniki, huku kwetu Mbagala. Mwanawe ametimiza miezi 9, siku ya surua imefika. Kwenye benchi, mama mmoja aliniinamia huku mwanawe ananing'inia kwenye mzani, miguu nje, analia kama anaibiwa. "Dada, mie chanjo hizi naziogopa. Vitu vya wazungu."

Hapo ndipo ninapobisha. Neno lenyewe linakataa. Chanjo imetokana na kuchanja, kitendo kile kile cha wembe na chale. Wazungu neno lao, vaccine, limetoka zizini: vacca, Kilatini cha ng'ombe.

Mwaka 1721 ndui iliingia Boston, Marekani. Mchungaji Cotton Mather alikuwa tayari ameshasimuliwa jambo na mtumwa wake Mwafrika, Onesimus: kwao mtu huchanjwa ngozi, akatiwa tone la usaha wa mgonjwa wa ndui, akaugua kidogo, na ndui haimpati tena. Daktari Zabdiel Boylston akajaribu. Katika watu 240 hivi aliowachanja walikufa 6. Walioipata ndui yenyewe, karibu mmoja katika kila 7 alikufa. Boylston akaishia kutukanwa na kuwindwa mitaani. China, India na Uturuki nako walikuwa na namna zao za kufanya hivyo.

Edward Jenner, daktari Mwingereza tunayeambiwa ndiye mwanzilishi wa chanjo, mwenyewe alichanjwa kwa ndui akiwa mtoto. Alichoongeza, na ni kikubwa, ni ng'ombe. Tarehe 14 Mei 1796 alichukua usaha wa ndui ya ng'ombe kwenye mkono wa mkamuaji maziwa, akamtia mtoto wa miaka 8, James Phipps. Baadaye akamtia ndui halisi. Haikushika. (Leo angefanya hivyo kwa mtoto wa mtu, angelala mahabusu.)

Kinachofanyika mwilini naona konda wa daladala angekielewa haraka. Abiria akishawahi kumshukia bila nauli, konda ile sura haisahau. Chanjo inamwonyesha sura kabla hajadhulumiwa. Ya surua ni virusi hai waliodhoofishwa. Mwili unawatambua, unatengeneza kingamwili, silaha zake za kupigana nao, kisha unabakiza seli za kumbukumbu. Siku surua yenyewe ikipanda, inashushwa kituo cha kwanza. Kijijoto cha mtoto baada ya sindano mara nyingi ndiyo kazi hiyo inafanyika.

Na mbona miezi 9? Kwa sababu mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake, na hizo zingeizima chanjo kabla mwili wake haujajifunza.

Mtu wa mwisho kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, Msomali wa Merca, Ali Maow Maalin, mwaka 1977. Alikuwa mpishi wa hospitali. Hakuwa amechanjwa; aliiogopa sindano. Alipona, na miaka ya baadaye akawa anawashawishi wazazi Somalia wawachanje watoto polio.

Mtoto wetu alichomwa, akapiga kelele, akapewa ziwa, kimya. Tulipotoka yule mama alikuwa amesimama mlangoni na kadi yake, anamuuliza nesi kwa nini surua irudiwe tena miezi 18.

"Wengine ya kwanza haiwashiki, mama," nesi akamjibu. "Haya, mlete."

Akaanza kumfungua mtoto mgongoni.