Jirani halalamikii kelele

Mzozo huu huanza namna ileile karibu kila mahali. Mtu ana shamba lake, bunduki yake ina kibali, na Jumamosi mchana anatoka nyuma ya ghala kulenga shabaha. Jirani anasikia. Wiki ya kwanza ananyamaza, ya pili anafunga dirisha, ya tatu anawapigia polisi simu. Polisi wanafika, wanatazama, hawaoni sheria iliyovunjwa, wanaondoka. Tangu siku hiyo watu wawili waliokuwa wakisaidiana kumrudisha ng'ombe aliyevuka uzio hawasalimiani tena.

Baada ya hapo kila mmoja huamba ngoma akivutia kwake. Mlengaji anasema shamba ni lake, saa ni za mchana, na sauti haijawahi kumuua mtu. Jirani anasema kelele zimezidi. Na kwa kuwa amelitaja neno "kelele", anaonekana mtu wa kudekadeka, mgeni aliyehamia mashambani akitaka yawe kimya kama maktaba, au mtu anayechukia bunduki na anatafuta kisingizio. Nimefuatilia mizozo ya aina hii kwa muda, na naamini huyu jirani anabishiwa jambo ambalo silo lake. Anasema kelele kwa sababu kelele ndiyo sehemu pekee ya jambo hili inayofika nyumbani kwake.

Nianze na haki ya mlengaji, maana anayo. Mwindaji asiyehakiki shabaha yake kabla ya msimu humjeruhi mnyama badala ya kumuua, na mnyama huyo huenda kufia vichakani baada ya siku kadhaa. Viwanja rasmi vya shabaha mara nyingi viko mbali na vina foleni. Isitoshe, mashambani ni mahali pa kazi: kuna trekta, msumeno wa injini, mbwa, jogoo. Anayetaka ukimya mtupu huko atakuwa amekosea njia.

Ana pia hoja ya nani alitangulia, na hii humuuma kuliko zote. Amelenga shabaha pale miaka ishirini, kisha shamba la pembeni likauzwa vipande vipande, nyumba zikaota, na aliyekuja mwaka jana anamwambia aache. Sheria haikubaliani juu ya hili. Uingereza, katika kesi maarufu ya 1879 kati ya mtengeneza peremende na daktari, mahakama ilisema kutangulia si kinga. Vinu vya peremende vilikuwa vimetwanga zaidi ya miaka ishirini, daktari akajenga chumba cha kuonea wagonjwa ukutani pale, na daktari akashinda. Marekani mambo yamekwenda upande mwingine, maana majimbo mengi yametunga sheria za kuvilinda viwanja vya shabaha vilivyotangulia dhidi ya madai ya kelele. Ninaelewa uchungu wa aliyetangulia. Lakini tazama: sheria hizo zote zinajibu swali la kelele.

Sasa niseme juu ya namba moja ambayo haiachi kunisumbua.

Risasi ya bunduki ya .22, ile ndogo kabisa ambayo watoto wengi hufundishiwa, inaweza kuruka takriban kilomita 2.4. Onyo hilo huchapwa kwenye vikasha vya risasi zenyewe. Kiwanja cha ekari kumi ni kama hekta nne, yaani mraba wenye ubavu wa mita 200 tu. Kwa hiyo risasi ile ndogo ina uwezo wa kuvuka viwanja kumi na viwili vya namna hiyo vilivyopangwa mstari. Risasi kubwa za kuwindia huvuka kilomita nne kwa urahisi.

Mlengaji mwenye ujuzi atanijibu papo hapo: umbali huo unahitaji mdomo wa bunduki uinuliwe juu, kama nyuzi thelathini, na hakuna mwenye akili timamu anayelenga mawinguni. Ni kweli. Basi tuache mawingu, tulenge sawasawa na ardhi, kama afanyavyo mtu makini. Bunduki iko begani, mita moja na nusu kutoka chini, na ardhi ni tambarare. Risasi inaanguka kama jiwe lolote linavyoanguka: nusu sekunde na ushei, iko chini. Ila katika nusu sekunde hiyo ile .22 imekwenda zaidi ya mita 150, na risasi ya kuwindia iendayo mita 850 kwa sekunde imepita mita 350. Mlengaji aliyesimama katikati ya ekari zake kumi ana mita 100 tu hadi kwenye uzio. Hata akiwa na ekari 50, mraba wenye ubavu wa mita 450, kutoka katikati hadi mpakani ni mita 225. Yaani risasi iliyolengwa kwa uangalifu wote, bila kosa lolote la mkono, inaangukia kwa mtu mwingine kama hakuna kitu cha kuizuia. Na ikianguka kwa pembe ndogo kwenye ardhi ngumu, mawe au maji, haiishii hapo. Inadunda na kuendelea, na hakuna anayeweza kusema itaelekea wapi.

Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akijitetea kwa kutaja ekari. Jimbo la Texas, ambalo halijulikani kwa kuwabana wenye bunduki, lina sheria inayouzuia mji kukataza ufyatuaji katika maeneo ya pembezoni mwake pale kiwanja kinapofika ekari 10 kwa bunduki ya marisau, yaani vipunje vingi vinavyotoka kwa pamoja, na ekari 50 kwa bunduki ya risasi au bastola. Tofauti hiyo ina maana yake. Marisau madogo ya kupigia ndege huishiwa nguvu ndani ya mita 200 hivi, risasi haiishiwi. Lakini wanaoitaja sheria hiyo kwa fahari huishia kwenye ekari na kusahau sharti linalofuata: ufyatuaji usiwe wa namna inayotarajiwa kuipeleka risasi ng'ambo ya mpaka. Ukiondoa sharti hilo, ekari 50 ni uwanja wa nusu sekunde.

Kinachoitimiza haki ya kulenga shambani ni tuta. Liwe la udongo laini usio na mawe, refu kumzidi mtu kwa mbali, pana kiasi cha kuimeza risasi, na limekaa moja kwa moja nyuma ya shabaha. Mwenye tuta la namna hiyo, anayelenga mahali pamoja na asiyeruhusu wageni kufyatua ovyo, kwangu mimi yuko ndani ya haki yake, na ningemtetea mbele ya yeyote.

Shida ni kwamba tuta halisikiki.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mfikirie mtu anayeanika nguo uani, mita 400 kutoka kwa mlengaji, miti ikiwa katikati. Risasi yenye kasi kuliko sauti hutoa milio miwili: mpasuko mkali unaosafiri na risasi yenyewe, kisha mlipuko mzito wa bunduki unaochelewa nyuma. Aliye nyuma ya mlengaji husikia mlipuko peke yake. Aliye upande wa mbele ya mtutu husikia yote mawili: ta! halafu, baada ya kitambo, du. Huyu mwanika nguo hajasomea fizikia ya bunduki, lakini sikio lake limeshamwambia kuna kitu kimekuja upande wake. Limetia chumvi kidogo, maana mpasuko huo husikika pia kwa aliye mbali na njia ya risasi. Hana namna ya kutenganisha. Mtoto wake yuko na baiskeli kwenye njia ya nyuma. Hajui mtutu umeelekea wapi, hajui kama kuna tuta, hajui kama leo anayefyatua ni mwenye shamba mwenyewe au binamu aliyekuja kutembea, hajui kama zimebaki risasi tano au mia tano. Anamwita mtoto ndani. Jioni akiulizwa shida ni nini, anasema: kelele.

Sasa ona tiba anazopewa kwa lalamiko hilo. Ya kwanza ni kifaa cha kupunguza sauti. Norwe na Ufini wawindaji wengi wanakitumia kama jambo la kawaida, kwa ajili ya masikio yao na ya majirani. Marekani kimewekewa masharti ya usajili tangu sheria ya 1934. Ninakiunga mkono. Hupunguza mlio kwa desibeli 20 hadi 30, na hiyo si haba. Lakini risasi iliyonyamazishwa hufika palepale ingefika. Jirani ambaye shida yake ilikuwa mlio atalala mchana kwa raha. Ambaye shida yake ilikuwa kutojua, sasa anajua kidogo kuliko jana. Tiba ya pili ni kupimiwa desibeli mpakani na kuambiwa kipimo kiko chini ya kiwango. Hilo ni jibu sahihi la swali ambalo hakuuliza.

Kuna kesi nyingine ya Uingereza, ya 1936, ambayo naona inastahili kukumbukwa zaidi. Mtu mmoja alifuga mbweha wa manyoya ya fedha, akasimamisha kibao kinachotangaza ufugaji huo. Jirani yake alitaka kuuza viwanja vya nyumba, akaona kibao kitamfukuzia wateja, akataka kiondolewe. Alipokataliwa, alimtuma mwanawe apige bunduki ndani ya ardhi yao wenyewe, karibu na mpaka, katika msimu wa kuzaliana. Mbweha jike aliyeshtuka hukataa dume, au huwala watoto wake. Utetezi ulikuwa mwepesi: ardhi ni yetu, kufyatua si kosa. Mahakama ikaukataa, ikatoa zuio na fidia, kwa sababu risasi zile zilipigwa kwa nia ya kudhuru.

Wanasheria watasema kesi hiyo inamhusu mwenye chuki tu, mlengaji mwema haimgusi. Nakubali kisheria. Lakini jirani hana mahakama ya kumchunguzia moyo wa mwenzake. Ana kalenda na masikio. Akilalamika Ijumaa, na Jumamosi risasi zikaanza saa mapema kuliko kawaida na karibu zaidi na uzio, ataelewa alivyoelewa yule mfugaji. Walengaji wengi wenye nia safi hufanya hivyo hivyo kwa hasira ya siku moja, "nitamwonyesha kuwa ni haki yangu", kisha hushangaa kuona mwaka mzima haujatosha kuifuta siku hiyo.

Zipo sababu za kweli zinazowafanya walengaji wasite kujieleza. Kubwa ni hofu kwamba kumwambia jirani saa ni kumkabidhi ufunguo: leo nimemjulisha, kesho atanipangia, keshokutwa atakataza. Majirani wa namna hiyo wapo. Wapo pia ambao hakuna tuta litakalowaridhisha, kwa kuwa wanachotaka ni bunduki isiwepo duniani, na hao mlengaji hawezi kuwaponya. Ila sidhani kama ndio wengi. Kumpa mtu taarifa si kumwomba ruhusa, na tofauti hiyo inaweza kusemwa kwa sentensi moja mlangoni: "Jirani, Jumamosi saa tatu hadi saa nne nitakuwa nalenga, tuta liko upande wa bondeni, karibu ulione." Baada ya hapo mlio wa saa tatu na nusu ni jirani anayelenga. Mlio wa saa kumi na mbili jioni ni jambo la kuuliza, na sasa kuna wa kuulizwa.

Shabaha za kulipuka nitazipitia haraka, kwa sababu sioni pande mbili. Aprili 2017, huko Arizona, shabaha moja ya aina hiyo, iliyopigwa kwa ajili ya kutangaza jinsia ya mtoto anayetarajiwa, iliwasha moto ulioteketeza ekari zipatazo 47,000. Haki ya shamba la mtu haiwezi kunyooshwa hadi huko.

Jambo moja dogo la tuta huwa halitajwi. Kiswahili kinaita risasi kile kitu na ile madini kwa jina hilohilo, na miaka ikipita tuta hujaa madini ya risasi. Kama maji ya mvua hutiririka kuelekea kisima cha jirani wa chini, ana haki ya kujua hilo pia, na mwenye shamba ana kazi ya kuchekecha udongo na kuyaondoa.

Turudi kwenye ule mwaliko. Jirani akikubali, mwendo kutoka uzio hadi kwenye tuta huwa wa dakika chache. Ataona matundu yalivyokusanyika sehemu moja, ataligusa tuta, atageuka kutazama paa la nyumba yake liko wapi ukilinganisha na mahali mtutu unapoelekea. Kisha atauliza: "Na ikigonga jiwe?" Swali hilo ndilo lililokuwa limefichwa ndani ya lalamiko la kelele tangu mwanzo. Mwenye shamba ambaye hawezi kulijibu palepale, kwa kumwonyesha kwa mkono, ana kazi ya koleo ya kumaliza kabla ya Jumamosi.